Mama Hakuondoka Usiku

Admin, nifichie jina langu na la bendi yetu pia, maana mkoani Mara tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, kwetu Nyamuswa, Bunda. Shule niliishia kidato cha pili. Kwa sasa niko Mtwara, kibarua wa ujenzi, nabeba zege na matofali. Hapa naandika nimeegemea mifuko ya saruji, vidole vimekauka mpaka simu haivisikii. Mkikuta makosa mnivumilie.

Pamoja na kazi hiyo, mimi ni mwimbaji. Tuko wanne, tunapiga roki, magitaa ya umeme na ngoma, na wenzangu watatu wanaishi Nyasho, Musoma. Hatuna bosi wala mfadhili. Kwa miaka mitatu, kila nikirudi likizo tulijifungia chumbani kwa mpiga besi, magodoro tumeyaegesha ukutani, tunarekodi. Watu walitucheka: "Nyie wazungu wa Nyasho, toeni wimbo mmoja wa kucheza watu wawajue." Tukakataa. Tukasema tunatoa albamu nzima, nyimbo kumi. Sasa imekamilika, ndiyo ya kwanza, na wimbo wa saba umeniletea vita.

Wimbo huo ni wa mama. Mama aliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe wale wale kaka yake akawatumia kuoa. Baba alipokuwa anampiga, mama alikimbilia kwao mara mbili, na mara zote mbili kaka yake alimrudisha mwenyewe, kwa sababu hakuwa tena na ng'ombe wa kurudisha. Mara ya tatu mama hakwenda kwao. Alikwenda Butiama, akalima mihogo ya watu, na yupo huko hadi leo. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikabaki kwa baba. Kiitikio chetu kinasema mama aliondoka usiku, analia, hakuna aliyemwona.

Mpiga ngoma wetu alimrushia rafiki yake wimbo huo, na haikuisha wiki ukawa umefika Nyamuswa, bodaboda wanaupiga stendi. Baba mkubwa akanipigia.

"We kijana, huko kwenye zege jua limekuingia kichwani? Unamtangaza baba yako kwenye spika?"

"Nimeimba yaliyotokea, baba."

"Ya ndani ya nyumba yanaimbwaga? Haya, ongea na mwenyewe."

Baba akachukua simu. Hakupandisha sauti. "Huo wimbo ukiendelea kupigwa, siku nikifa usije. Udongo wa kaburi langu usiushike."

Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume kukatazwa kumzika baba yake ni kama kufutwa kwenye ukoo. Lakini jioni ile nilimwandikia ujumbe kwamba wimbo unabaki. Nimewajengea watu miaka tisa. Hii albamu ndiyo kitu pekee nilichojenga nikasema ni changu.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe mwenye habari mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Binti wa jirani yake huko Butiama alimsikilizisha mama ule wimbo, na mama akanipigia.

"Mwanangu, hayo magitaa yenu yana kelele, lakini maneno nimeyasikia. Nani alikuambia niliondoka usiku?"

"Ndivyo walivyokuwa wanasemaga nyumbani, mama."

"Niliondoka saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa shule. Baba yako na wenzake wamekaa uani na pombe yao. Nikapita katikati yao, beseni kichwani, nguo zangu zimo ndani. Nikawasalimia. Wakaitikia."

Nikaisogeza simu sikioni.

"Na sikulia," akaongeza. "Kulia nilikuwa nimeshamaliza."

Ndugu zangu, sikilizeni. Tangu utoto niliambiwa mama yako alitoroka usiku kama mwizi. Nikakua na maneno hayo, nikayawekea gitaa, nikadhani namsema baba, kumbe naimba alichonifundisha yeye.

Nimewaambia wenzangu turudie. Mpiga gitaa anasema, "Kaka, msikilizaji hajui ilikuwa saa ngapi. Na hiyo 'usiku' imekaa vizuri kwenye mdundo." Nikamwambia albamu haitoki na uongo wa baba yangu ndani, hata tukiikalia mwaka mzima. Wamekubali shingo upande. Tatizo ni mimi mwimbaji, maana kurekodi ni Nyasho nami niko Mtwara. Hapa tunamwaga zege la ghorofa ya pili, na msimamizi amesema anayeondoka sasa asirudi. Mama kusikia hivyo akacheka: "Baki na kazi yako. Butiama na Nyasho ni hapa na hapa. Nitaenda mimi, nitasema kwa mdomo wangu, wao wapige magitaa yao."

Hapo ndipo ninapoogopa. Sauti ikiwa yake, ukoo utaniacha mimi umgeukie yeye, na ameishi kwa amani miaka ishirini na minne. Nilipomwambia hivyo alinijibu, "Hao hao walioitikia salamu?"

Nishaurini jamani. Nimwache mama aingie studio aseme mwenyewe, au niache kibarua nikaimbe mimi, ili hasira yao ibaki kwangu? Hilo tu ndilo ninalouliza. Anayetaka kunishauri niufute wimbo apite taratibu na salamu yake. Tutaitikia.