Mkono wa Kulia wa Fundi

Wifi yangu ni mshonaji, na mtaani hana jina jingine zaidi ya Fundi. Cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu ilikuwa imekaa chumba cha mbele kabla kaka yake hajanioa, na nilipoingia nyumba ile niliiona kama wifi wa pili, tena mwenye kelele kuliko yule wa kwanza. Mume wake alitangulia zamani. Kilichobaki cha kumlisha, kumvisha na kumfanya aitwe mtu mbele za watu ni mkono wa kulia, ule unaoongoza kitambaa chini ya sindano bila kuyumba.

Uvimbe ulipomtoka kwenye titi la upande huohuo, alinyamaza. Mimi ndiye niliyemwona akikunja uso kila alipoinua pasi, nikamhoji mpaka akasema.

"Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua," nilimwambia.

"Kikija kitakaa kwenye benchi na wateja wengine," akajibu, na kuendelea kupiga pindo.

Mimi sina subira, na sijawahi kudai kuwa ninayo. Nilichomoa kile kitambaa chini ya sindano, nikamvuta hadi hospitali, na njia nzima nilikuwa nimenuna.

Ilikuwa saratani. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, hakutaka kukimbilia kisu. Alisema saratani ya titi ikianza kutembea, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni tezi za kwapani, vijipunje vilivyojificha ndani ya nyama, na si vyote vinavyoweza kusikika kwa kupapasa. Kwa hiyo kwanza apigwe picha za MRI. Tezi zikionekana safi, atatoa uvimbe na tezi chache tu za kuhakikisha. Zikiwa zimeingiliwa, wataanza na dawa za dripu, kisha kwapa lote lisafishwe.

"Na mkono?" wifi aliuliza. Ndilo swali pekee alilokuwa nalo.

"Tukitoa tezi nyingi, mkono unaweza kuvimba na kuwa mzito. Haimpati kila mtu. Lakini siwezi kukuahidi."

Wifi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kitambaa hakitoshi.

Siku ya picha, mpiga picha alimlaza kifudifudi ndani ya bomba la mashine, akamwambia asitikisike hata kidogo. Mashine itagonga sana, alimwonya, lakini haiumi. Mimi nilikaa na huyo mpiga picha upande wa pili wa kioo. Ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, kwa mpigo mmoja usiochoka. Haukupita muda, yule bwana akaisimamisha.

"Mama, unatikisika. Picha zinatoka na ukungu."

"Mimi? Nimelala kama gogo," wifi alijibu kutoka ndani ya bomba.

Ikaanza tena, na safari hii tukatazama vizuri. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga. Amelala kifudifudi vilevile, vidole vinashuka na kupanda juu ya godoro kwa kufuata ule mlio, na mwili mzima unasogea kidogo kwa kila pigo. Maisha yake yote hakuna mashine iliyogonga mbele ya wifi yangu bila yeye kuikanyaga. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, kisha nikaona aibu, maana picha zikiharibika hatutajua kitu.

Mpiga picha hakucheka. Aliniuliza kama nina chuma chochote mwilini, akanivua bangili na pini za nywele, akanipa vizibo vya masikio na kuniingiza ndani. Nikasimama miguuni kwa wifi, nikaushika ule mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi. Mashine ilipogonga niliusikia ukitaka kwenda, na kila ulipotaka niliubana. Sijawahi kumshika wifi yangu miguu, na siku nyingine asingekubali. Pale nilimpenda kuliko siku zote, nikamwomba Mungu amwachie mkono wake.

Picha zilitoka safi. Tezi hazikuwa safi.

Mbili zilikuwa zimenenepa na kupoteza umbo; daktari alituonyesha kwenye skrini, na nyama kidogo iliyochukuliwa kwa sindano ikathibitisha. Nililia palepale kitini. Wifi aliendelea kutazama skrini.

"Daktari, ungeweza kunikata bila kujua haya?"

"Ningeweza. Ningezikuta hukohuko ndani, na nafasi ya kuanza na dawa ingekuwa imetupita."

"Basi heri zimeonekana. Anza na dawa. Kwapa utalisafisha wakati wake ukifika."

"Wifi, na mkono je?" nikasema, machozi bado yananitoka.

"Nyamaza, wifi. Mkono bila mimi utamshonea nani?"

Siku moja kabla ya dripu ya kwanza nilimkuta amemaliza blauzi yake mwenyewe, ya kitambaa cha kijani alichokitunza muda mrefu akisema hajapata nafasi. Nikaichukua niipige pasi. Nililaza mkono wa kushoto juu ya meza, nikalaza wa kulia, nikaona haifanani kabisa: wa kulia ulikuwa mpana zaidi, kuanzia begani hadi kwenye pindo. Kusema kweli nilifurahi. Tangu nimjue sijawahi kumkamata na kosa.

"Fundi, leo umepitiwa," nilimwambia. "Mikono hailingani."

Alikuja, akaunyoosha ule mkono wa kulia wa blauzi kwa kiganja, akautazama mshono ndani na nje, akanirudishia.

"Sijapitiwa," alisema. "Si daktari amesema unaweza kuvimba? Nimeuachia nafasi."