Upepo Uliopimiwa Mtu Mwingine

Kaa kwanza, mwanangu, mtoto wa jirani. Hilo gurudumu la umeme ulilokuja kuniomba lipo stoo, na jibu nitakupa. Lakini ipo siku moja ambayo haijanitoka, na ufunguo hutaupata kabla hujaisikia.

Sayi, mtoto wangu wa mwisho, alirudi nalo kutoka Dar es Salaam, likizo ya wakati wa kuvuna pamba. Ni gurudumu moja tu, betri imo humo humo, unasimama juu yake mguu huku na mguu huku, ukiinama mbele linakwenda. Hapa Bariadi watu walitoka madukani kumtazama. Nami nilijivuna, kwa nini nikudanganye? Mwanangu mwembamba, anapita wima katikati ya barabara bila kukanyaga chini!

Tairi lake alikuwa amelipunguza upepo. "Mayu," aliniambia, maana sisi nyumbani mama tunamwita hivyo, "njia za kwetu zina mawe. Tairi likiwa gumu linanirusha. Likilegea kidogo linameza mawe." Na kwake lilifaa kweli, kwa sababu hana uzito. Alikuwa na geji ndogo, na kila asubuhi kabla ya kutoka alichuchumaa akapima. Mtoto makini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakuwa mzembe.

Jumamosi moja tulikwenda Lalago kwa dada yake Kabula, binti yangu mkubwa. Mume wa Kabula anaitwa Masanja, mkulima, mtu wa mabega mapana. Robota la pamba alikuwa analiinua huku anaendelea na maongezi yake. Alimpenda Sayi kama mdogo wake wa tumbo moja. Safari zilizopita alikuwa amejifunza kupanda hilo gurudumu pale uani, ameshikilia ukuta. Siku hiyo tulipomaliza kula akasema, "Shemeji, leo nataka barabara."

Akapanda. Kabula alikuwa anakusanya vyombo, akasimama akatazama chini.

"Sayi, mbona tairi limebonyea hivyo? Ongeza upepo kwanza."

Sayi alikuwa ameshatoa simu ampige video. "Pampu iko ndani ya begi, dada. Anafika pale kanisani tu, anarudi."

"Ongeza, nimekwambia."

Masanja akacheka. "Mke wangu, mwache kijana. Kwani nakwenda Maswa?"

Akaenda. Mwanzoni alikwenda vizuri, amenyoosha mikono, na sisi tunacheka. Baada ya kanisa barabara inashuka, na mwendo ukamzidi. Palikuwa na jiwe, jiwe la kawaida tu, ambalo Sayi alikuwa amelipita asubuhi hiyo hiyo. Tairi lilijikunja chini ya ule uzito mpaka ringi ikagonga jiwe, tyubu ikapasuka, na Masanja akarushwa kwa mgongo kwenye kingo za mtaro. Sayi alikuwa bado anacheka, simu mkononi. Kabula ndiye aliyeanza kukimbia.

Hatembei, mwanangu. Walimtibu hapa Bariadi, wakampeleka Mwanza, wakamrudisha. Anakaa kwenye kiti mlangoni kwake na anaangalia mkewe akienda shamba na jembe, akirudi na kuni, akimgeuza kitandani. Mtu aliyekuwa anainua robota.

Nilikuwepo kwenye korido ya hospitali Kabula alipomwambia mdogo wake, tena kwa sauti ya chini kabisa: "Wewe unajipimia kila asubuhi. Mume wangu ulishindwa kumpimia mara moja?"

Wiki hiyo Sayi akarudi Dar, gurudumu akaniachia, na hajakanyaga tena Simiyu. Hunipigia simu. "Mayu, shemeji anaendeleaje?" Namwambia, mpigie mwenyewe. Basi anakata simu.

Na Kabula? Nikikutana naye gulioni ananisalimia kwa Kiswahili. "Shikamoo, mama." Binti yangu niliyemfundisha Kisukuma kwa mdomo wangu, ananisalimia kama anavyomsalimia afisa aliyehamia jana! Anasema nilikuwepo pale na nilicheka. Ni kweli nilikuwepo. Nimewazaa wote wawili, na katika wote sina hata mmoja wa kula naye.

Sasa sikiliza. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi si yako. Ni ukomo wa tairi lenyewe. Wewe upepo wako utaupata kwa mwili wako, na mzigo uliobeba, na njia unayoipita. Ukiwa mzito, ongeza. Kwenye mawe unaweza kupunguza kidogo, ila si mpaka ringi ikaribie chini. Na ukilijaza likawa kama chuma, litakurusha kwenye kila kokoto na kuteleza kwenye mchanga. Pima asubuhi, tairi likiwa bado la baridi. Na mtu mwingine akitaka kupanda, hata awe ndugu yako, hata aseme anafika hapo tu, mshushe. Toa pampu ndani ya begi. Umpimie yeye. Akikucheka, mwache acheke, na mkeo au dada yako akikwambia ongeza, usimjibu, ongeza.

Nawe usifanye hivyo kwa gurudumu peke yake. Vitu vingi utawapa watu maishani kwa kuwa wewe vimekufaa, shauri, dawa, hata kazi. Mtazame kwanza unayempa.

Ufunguo huu hapa. Tyubu itabidi utafute mpya, ile haikuzibika. Mungu akulinde barabarani, mwanangu, awalinde na wale watakaokuamini wakapanda baada yako. Akujalie watoto wako wakae meza moja mpaka uzeeni kwako. Nenda, kabla sijabadili mawazo.