Wifi Yangu Mezani kwa Watu

Nyie vijana mliozaliwa mji huu, mnaosikia Kiswahili na kujibu Kizungu, haya nayaandika kwa ajili yenu. Siku itafika mtakwenda kumtafutia mama yenu au shangazi yenu nyumba ya wazee. Msinikunjie uso. Mimi nilikunja uso kabla yenu, kisha nikenda. Sikusoma sana. Nilikaa chuoni kwa maalimu mpaka nikahitimu Kurani, na skuli nikafika darasa la tatu, basi. Kwa hiyo msitafute maneno ya kupendeza humu. Nitasema nilichokiona, na nilichokosea pia nitakisema.

Tuliyekuwa tukimtafutia nyumba ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Tulitoka naye Unguja baada ya Mapinduzi, sisi watu wazima watatu na mtoto mmoja mgongoni. Mawifi wengine huchimbana mpaka kaburini. Sisi tulichimbana miaka miwili ya mwanzo, tukachoka. Hapa London mimi nilifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Natoka nyumbani alfajiri, narudi mikono imechunika kwa sabuni. Wifi ndiye aliyebaki na watoto. Wanangu wote watatu wameota meno mikononi mwake, na mpaka leo wakiumwa humwita yeye kwanza, mimi wa pili. Sikuona wivu. Niliona, lakini nilinyamaza.

Mume wangu alipofariki tukabaki wawili, kwenye flati yetu ya ghorofa ya tatu, Woolwich, na lifti ambayo siku inayofanya kazi watu hupigiana simu kupashana habari. Wifi akaanguka bafuni. Akapona, akaanguka tena, mara hii nyonga. Siku aliyotoka hospitali wanaume wawili walimpandisha ngazi kwa kiti kama bi harusi, naye njia nzima anawaombea radhi kwa uzito wake. Tangu siku hiyo hakushuka. Miezi minne anaangalia mvua dirishani.

Akaja mama mmoja wa kaunsili, halmashauri ya mtaa, na mafaili yake, akasema huyu anahitaji nyumba ya wazee. Nikamwambia kwetu mzee hatupwi. Binti yangu, ambaye alikuwa akitufasiria, hakufasiri. Alingoja yule mama aondoke, akanigeukia.

"Mama, nani kasema kutupa? Wewe goti moja, yeye nyonga moja. Akianguka, nani atamwinua mwenziwe?"

Kabla sijamjibu, wifi akasema kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, "Nendeni mkatazame. Mkipata penye lifti nzima, mimi nahamia leo. Huyu wifi yangu nimemchoka, anakoroma."

"Nani anakoroma?"

"Muulize jirani wa chini."

Basi tukenda, mimi na binti yangu. Yeye alikuwa na karatasi ya maswali aliyoitoa kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa na pua na macho. Ya kwanza ilikuwa upande wa Lewisham. Mlangoni maua, zulia jipya, msichana ana meno meupe. Ndani, harufu ya mkojo iliyofunikwa na harufu ya malimau. Wazee wamepangwa ukutani mbele ya televisheni ambayo hapana anayeitazama. Nikatazama kucha zao. Mtazameni mzee kucha, wanangu, hasa za miguu kama mtaweza. Uso huoshwa wageni wakija, kucha hazioshwi kwa ajili ya mgeni. Kisha nikaomba nione chumba, na binti yangu alipokuwa akiuliza maswali yake nikabonyeza ile kengele ya kuitia msaada, nikaanza kusoma Yasin kimoyomoyo. Nilifika nusu yake, hajatokea mtu. Nikamwambia binti yangu twende zetu.

Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo tuliyoipenda. Ilikuwa si mbali na kwetu, basi moja tu. Haikuwa na maua. Ilikuwa na harufu ya vitunguu vinakaangwa, na mwanamke mmoja mzee alikuwa akimtukana mlezi wake, na mlezi anacheka. Nikasema moyoni, mahali ambapo mzee anaweza kutukana hapana hofu. Nikabonyeza kengele. Sijamaliza Alhamdu, mtu yupo mlangoni. Nikainua godoro, nikatazama chini yake. Nikaingia chooni kuona kama pana nafasi ya kuweka kopo la maji, maana wifi yangu na karatasi hawajawahi kupatana. Nikauliza kibla kiko wapi, na mkuu wa nyumba, mwanamke mpana wa Afrika Magharibi, akanyoosha mkono bila kufikiri. Nyama ya halali wanayo. Lifti mbili, na zote nzima. Nilizipanda zote mbili, juu na chini.

"Mama, sasa inatosha," binti yangu akasema.

"Wewe uliza ya kwenye karatasi yako."

Utaratibu wao ulikuwa wiki mbili za majaribio. Mzee anakaa, wao wanamtazama na yeye anawatazama, kisha mnakubaliana au mnaachana. Tukampeleka wifi siku ya Jumatatu, na mswala wake, na kopo lake, na leso zake sita. Chumba akakisifu mpaka kitasa cha mlango. Mimi niliporudi nyumbani peke yangu, niliweka vikombe viwili vya chai. Nikavinywa vyote.

Siku ya pili yake nikashikwa na mafua makubwa, na mwenye mafua hawamruhusu kuingia mle. Kwa hiyo wiki nzima aliyekwenda ni binti yangu, akitoka kazini, saa ambayo chakula cha jioni kimeshaondolewa. Anamuuliza, "Shangazi, umekula?" Wifi anajibu, "Alhamdulillahi." Binti yangu ananipigia simu, "Amekula." Na mimi mtu mzima, niliyelelewa na watu, nikaridhika na jibu hilo! Nani hajui kwamba mtu wa kwetu hata akiwa hana chembe tumboni husema Alhamdulillahi?

Siku ya tisa mkuu wa nyumba akampigia simu binti yangu. Akasema wifi amepungua kilo tatu. Chakula anakikataa, wameshaandika kila siku: amekataa, amekataa. Daktari anataka kumpa maziwa ya dawa, na kama hali haibadiliki mpaka wiki ya pili iishe, itabidi ahamishiwe kwenye nyumba ya wagonjwa hasa, nje ya mji, ambako wanaweza kumwangalia zaidi. Binti yangu akanieleza huku analia. Alidhani shangazi yake ameamua kufa. Na mimi nilidhani hivyo, sitawaficha. Mzee akikata tamaa huanza na chakula.

Mafua yangu yalikuwa yamekwisha. Nikavaa, nikafunga mtandio, nikachukua basi, nikafika saa ya chakula cha mchana. Sikuingia. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa kulia, mahali ambapo wifi hanioni.

Alikuwa amekaa sawasawa, leso yake mabegani, mikono mapajani kama mtu aliyealikwa harusini. Akaja mlezi, msichana wa adabu kabisa, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Mpenzi, leo unataka kuku au samaki?" Wifi akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema kwa kile Kizungu chake cha heshima, "Hapana, ahsante sana." Msichana akatabasamu naye. Akaandika kwenye karatasi. Akasukuma kigari chake cha chakula, akaenda kwa mwengine.

Na wifi yangu akakifuata kile kigari kwa macho. Meza ya pili, meza ya tatu, mpaka mwisho wa ukumbi. Hayakuwa macho ya mtu aliyechoka na dunia. Yalikuwa macho ya mtu mwenye njaa.

Nikaingia, nikavuta kiti.

"Wifi. Kwa nini hukula?"

Akatazama huku na huku kwanza. "Jamani, wifi," akaninong'oneza, "watu hawa hukaribisha mara moja tu. Mara moja! Hata paka huitwa mara mbili."

Nilitaka kucheka, nikaona midomo yake imekauka, nikashindwa.

Sasa hapa nyie vijana hamtaelewa, maana nyie mkiulizwa kitu mnasema "ee" kabla swali halijesha. Sisi tulipokuwa wadogo, mtu akikukaribisha chakula unasema nimeshiba. Anasema karibu japo tonge. Unasema wallahi nimetoka kula sasa hivi. Anasema basi onja tu. Hapo ndipo unanawa mikono. Mara moja nilipokuwa mtoto nilipokea kaimati kwa jirani mara ya kwanza tu nilipopewa, na mama yangu alinifinya ndani ya buibui lake, kovu nililibeba mwezi. Na nilipoingia nyumbani kwa mume wangu, ni huyu huyu wifi aliyenipakulia wali siku ya kwanza. Nikakataa. Akanikaribisha, nikakataa. Mara ya tano akajishika kiuno, akasema, "Haya, tumeshajua kwenu umefunzwa. Sasa kula, usije ukatufia." Mtu wa namna hiyo ndiye niliyempeleka mimi mezani kwa watu wanaouliza mara moja na kuandika.

Nilikagua godoro. Nilikagua kopo litakaa wapi. Sikuuliza chakula kinakaribishwa vipi.

Nikamwambia, "Vaa viatu, tunarudi nyumbani. Leo hii."

"Nyumbani wapi? Kwenye ngazi zako?" Akanishika mkono. "Usinirudishe, wifi. Hapa naoga maji moto nimekaa kitini, hapana anayeogopa nitaanguka. Jana nimeteremka bustanini. Nimekanyaga majani. Unajua lini mara ya mwisho nilikanyaga majani?"

"Basi sema ndiyo, wakikuuliza."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Watasema kwetu tumekufa njaa."

"Si umekufa njaa kweli, mama wee! Tazama shingo hiyo!"

Hapo akacheka, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka, nikayafuta kwa leso yake.

Nikaenda kwa mkuu wa nyumba. Kizungu changu ni cha kufulia mashuka, lakini siku ile kilisimama. Nilikuwa nimekwenda na maneno makali, na njiani nikayameza, kwa sababu wale hawakufanya kosa. Waliuliza kwa upole na wakaheshimu jibu. Nikamweleza kwamba hapana ya huyu mama, ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, ya tatu ndiyo umsikilize. Akanitazama kwa mshangao.

"Kwetu sisi," akasema, "ukikataa chakula changu umenitukana."

"Kwetu sisi, ukikipokea haraka umejitukana."

Akacheka mpaka meza ikatikisika. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Akasema sheria haimruhusu kumlazimisha mtu, na walezi hawana muda wa kumbembeleza kila mmoja mara tatu, wazee ni thelathini. Nikamwambia msimbembeleze. Msimuulize. Mwekeeni sahani mbele, mwende zenu, muiache. Asipotaka ataiacha, na hapo mwandike amekataa. Akafikiri, akasema hilo linawezekana, akaliandika kwenye faili lake.

Wakaleta sahani. Kuku, viazi vya kuponda, njegere. Ikawekwa mbele ya wifi, na mlezi akaondoka. Wifi akaitazama. Hakuigusa. Akanitazama mimi, na mimi sina sahani.

Nikaelewa na hilo. Hajawahi maisha yake kula peke yake na mtu amekaa anamtazama, wala kula peke yake bila mtu. Nikavuta sahani katikati yetu, nikachukua kijiko cha kwanza mimi. Viazi havina chumvi, havina kitu. Nikameza. Wifi akachukua kijiko. Tukala hivyo mpaka sahani ikawa nyeupe, na njegere moja iliyobaki akanisukumia mimi.

Jumapili ile nikawaita wanangu wote watatu, na wake za wanangu wawili wa kiume, na mume wa binti yangu. Nikawapa chai, wakakaa, nikawaeleza kwamba shangazi yao anataka mtu wa kula naye kila siku. Mwanangu wa kwanza akaanza kusema Mama, kazi, Mama, zamu zangu. Nikamwambia nyamaza, huyo ndiye aliyekutafunia chakula kabla hujaota meno. Kisha nikawaambia hivi:

"Nyie ni sita, na mimi wa saba, na wiki ina siku saba. Kila mmoja achague siku yake sasa hivi, kabla hajainuka hapo. Siku yako ikifika utakwenda saa ya chakula, si kabla, si baada. Utakaa mezani kwake. Mtu asimuulize kama anataka. Utavuta sahani katikati, na utakula kwanza wewe."