Alama ya Mzinga Niliyoipiga Randa

Najua wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Pombe sijawahi kuonja, na mtaa mzima hapa Karatu unalijua hilo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, kikombe cha chai mkononi.

Kwanza mnijue. Niliishia darasa la nne, lakini nionyesheni msomi wa wilaya hii anayetengeneza gitaa la umeme ambalo mtoto wa mkulima anaweza kulimiliki. Hayupo. Nilianza na mbao za makreti na nyaya za breki ya baiskeli; likilia, mbwa wanakimbia. Kisha kwaya moja ikaniletea gitaa bovu la kizungu, la wanafunzi. Nililifungua lote mezani nikaiona siri ya wenzetu: wamepunguza kile tu ambacho mtoto hakihitaji. Shingo fupi, maana mkono wa mtoto ni mfupi. Imekazwa kwa skrubu nne, ikipinda unabadilisha shingo peke yake. Sumaku ya kunasa sauti ni moja, si mbili wala tatu. Nami nikawapita: sumaku yangu naizungushia waya mwembamba kama unywele, wa transfoma za redio zilizokufa.

Na nyuzi nazilinganisha kwa sikio. Vile vipimo vya kwenye simu ni vya nini? Sikio hili la kushoto ndilo lililonijengea nyumba ya matofali. Likumbukeni.

Mwaka jana shule moja ya huko Mang'ola iliniagiza magitaa matano. Mbao kavu hakuna. Ndipo mkulima mmoja wa kijiji cha Daa akaniuzia mizinga ya nyuki, ile ya magogo, iliyokuwa imeanguka shambani kwao. Nyie, mbao ya mzinga! Imekauka miaka na miaka, nyepesi, imekunywa nta. Mmoja ulikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: duara lenye mikia miwili.

"Fundi, huo niachie kwanza niwaulize wazee," akasema. "Mzinga wenye alama una mwenyewe, hata kama amekufa."

"Si umeshaniuzia?"

"Nimekuuzia mbao. Alama sijakuuzia."

Nikamcheka. Nilipofika nyumbani nikaipiga randa alama ile mpaka mbao ikang'aa, nikaichonga gitaa, nikalipaka rangi nyekundu. Hapo ndipo nilipokosea.

Siku ya kupeleka mzigo ukungu ulishuka kutoka Ngorongoro, ule ambao unamkamua ng'ombe bila kumwona kichwa. Umeme ulikuwa umekatika. Nikainua macho, mzee amesimama ndani ya karakana, blanketi begani, ananuka moshi na asali.

"Shikamoo, aako," nikamwamkia, kama tunavyowaita babu zetu huku.

Hakuitikia. Mliwahi kuona mzee anayekataa shikamoo?

"Nimekuja kuangalia changu," akasema.

"Humu kila kitu nimekitengeneza mimi."

"Hata mti?"

Akanyoosha kidole, akagusa gitaa lile jekundu pale pale alama ilipokuwa. Chini ya rangi! Alijuaje?

"Sasa nitaujuaje kuwa ni wangu?" akauliza, taratibu tu, bila hasira.

"Tundika mwingine, aako. Nyuki si wamejaa?"

"Na wewe, chako unakijua kwa nini?"

Niaminini, ningejua ningenyamaza. Nikaligonga sikio la kushoto kwa kidole. "Kwa hili! Gitaa langu nalitambua hata nikifumba macho."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa alichokuwa anakitafuta.

Hapo spika yangu ya kujaribia magitaa ikaanza kuvuma. Umeme hakuna, waya umelala mezani, nayo inavuma kama mzinga uliojaa. Niliitazama kidogo tu. Kugeuka, mlangoni kuna ukungu peke yake. Sakafuni maranda yalikuwa yametanda, na nyayo zilizoyakanyaga ni zangu tu.

Mvumo ulihama kwenye spika ukaingia sikio la kushoto. Hospitali walichungulia, wakasema ni safi. Shuleni wanafunzi wakaniuliza, "Fundi, mbona nyuzi zinagombana?" Mimi! Kuulizwa hivyo!

Nilirudi Daa kwa miguu yangu, gitaa lile jekundu begani na asali mkononi. Wazee walinisema nikainamisha kichwa, kisha wakaichoma alama upya juu ya rangi yangu nyekundu. Gitaa lile lipo Mang'ola, wanafunzi wanalipigania. Mvumo umepungua, haujaisha, na ukungu ukishuka unarudi wote. Siku hizi nyuzi zinalinganishwa na mke wangu, kwa simu ile ile niliyoidharau. "Baba Paskalina, kaza. Umepitiliza, legeza!" Nami nalegeza.

Kwa hiyo ukinunua mbao, igeuze pande zote kabla ya kushika randa. Ukikuta alama, muulize aliyekuuzia ni ya nani. Na akija mtu asiyeitikia shikamoo, akakuuliza chako unakijua kwa nini, usiwe mwepesi wa kumwonyesha.