Mtani Aliyeningojea Urambo

Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Urambo, na kwetu shangazi ndiye humuusia bibi harusi mbele ya watu. Lakini shangazi mwenyewe nilikuwa nimetoka hospitalini Dar es Salaam, ambako saratani iliondolewa pamoja na upande mmoja wa ulimi wangu. Kaka alinihurumia, akasema mtu mwingine angeweza kunisemea. Huruma hiyo ndiyo iliyonipandisha treni, nikaseme mwenyewe.

Asubuhi tuliondoka Tabora. Nikijitazama katika kioo cha dirisha, nilirudia silabi nilizofundishwa na muuguzi: ka, ra, sha. Bibi mmoja, akidhani namfukuza kuku wake, akavuta karibu kikapu chake.

“Mama, huyu usimfukuze. Naye ni msafiri.”

Nje, miyombo ilipita. Reli hiyo hufuata njia ya misafara, waliyoipita babu zetu Wanyamwezi, wapagazi, wakienda pwani, wakarudi na utani na Wazaramo.

Mchana, Urambo, wenyeji walinipokea kwa kunong’ona, kana kwamba waliokatwa ni wao. Wifi alinimalizia kila sentensi. Ndipo akaingia Mwanahawa, mtani wangu wa siku nyingi, Mzaramo aliyeolewa hapo na mkulima wa tumbaku.

“Mnyamwezi, umeniharibia kazi. Miaka yote najifunza sauti yako nije niiige kwenye matanga yako, kama mtani apasavyo. Sasa umerudi na nyingine?”

Wifi akaziba mdomo kwa kanga.

“Anza upya,” nikamjibu polepole. “Na uanze mapema, maana wewe ni mzito wa kujifunza.”

Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza siku hiyo ambayo hakuna aliyenimalizia.

Jioni nilisimama mbele ya bibi harusi. Neno la tatu liliteleza. Wifi akafungua kinywa animalizie.

“Mwache,” Mwanahawa akasema. “Na mimi najifunza.”

Watu wakacheka, nami pia; kicheko kikanilegeza taya. “Mwanangu,” nikasema, “jambo lako lisemee mwenyewe, hata likitoka likichechemea.”

Kesho yake, stesheni, treni ilipoanza kusogea, Mwanahawa aliurudia usia huo kwa sauti yangu mpya, hata ile ‘che’ inayonishinda. Kioo cha dirisha hakikuwahi kunifundisha hilo: kwamba sauti hii nayo ina mwenyewe, na watu wameshaijua. Nikachungulia nje, nikamwambia bado hajaipata sawasawa, aendelee kujifunza, kwani matanga yangu hayana haraka.