Nilivyomtukana Fundi Aliyekaza Plagi

Hata sasa nikikumbuka nawaka. Injini ya boti ya Bi Mwanahawa iligoma kijijini Maparoni, na barafu iliyofunika kamba wake wa kuuza ilikuwa inayeyuka. Mimi, fundi niliyejifunza mwenyewe, nikatia spana kwenye plagi. Haikutoka. Nikavuta kwa nguvu zote, ikakatika, nusu ikabaki ndani.

Nikafoka. "Mpumbavu gani kaikaza hivi? Plagi hukazwa kwa mkono, kisha spana kidogo tu! Mtu huyu anyang'anywe spana!"

Watu wakajaa. Nikamtukana fundi yule pamoja na aliyemfundisha kazi.

Bi Mwanahawa alikuwa akichota maji ya barafu kwa kopo. "Umemaliza, baba?"

"Sijamaliza, mama. Nitajie huyo fundi!"

"Mwezi wa Shaabani mwanangu aliipeleka injini Kibiti kwa kijana mmoja. Kijana alipokaza plagi, mwanangu akamwambia inatosha. Kijana akasema kazi yake haina inatosha, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akakaza tena."

Akamwaga maji, akanitazama.

"Huyo ndiye niliyemwita leo."