Aliyengoja Kuulizwa

Diwani Mageni hakuwa bubu. Kishapu nzima ilimjua kwa mdomo wake. Akianza kulalamikia bei ya pamba, hata wachuuzi mnadani huacha kunadi. Ndiyo maana mwaka 1998, rasimu ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoletwa mikoani ili watu watoe maoni, dagashida, yaani mkutano mkuu wa kijiji, ilimtuma yeye Shinyanga mjini na neno moja.

"Waambie hivi," alisema Maganga, kiongozi wa sungusungu. "Kabla jumuiya haijapitisha sheria ya pamba au ng'ombe, sisi na halmashauri yetu tuulizwe. Liandikwe humo. Ukilimeza neno letu, sheria unaijua."

Aliijua. Anayelimeza neno la dagashida hutengwa: hasalimiwi, hapewi moto.

Ukumbini alikaa safu ya mbele, kaunda suti imenyooka. Sasa, kwa desturi ya kwao, mjumbe harukii kusema. Hukaa kwa adabu mpaka mwenye kikao amuulize katumwa na nani, aseme nini. Akidakia, amelidhalilisha neno alilobeba. Basi akangoja. Ofisa aliyetoka Dar es Salaam akasoma vifungu, akafuta jasho, akasema, "Naona hakuna hoja. Tumekubaliana." Makofi. Soda zikaletwa. Ewe Mageni, heshima gani hiyo ya kukukaba koo! Alipoinuka aseme, viti vilikuwa vinapangwa.

Njia nzima ya kurudi alijiona kama panya aliyetumbukia kwenye debe. Akidanganya, mkataba utakuja bila neno lao, nao watajua. Akisema kweli, moto hana. Akasema kweli.

"Sikuulizwa," aliwaambia.

"Tulikutuma ukadai tuulizwe," Maganga alijibu taratibu, "nawe ukangoja uulizwe?"

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Kesho yake mkewe, Paskazia, alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, akarudi na kigae kitupu. Hakumlaumu mumewe, aliingia ndani tu. Mageni alikaa kizingitini. Watu walipita wakienda gulioni, akawaamkia, "Mwangaluka!" nao wakatazama mbele. Uchungu ulimjaa. Alikuwa tayari kueleza yote, ofisa, vifungu, makofi. Alichohitaji ni mtu mmoja tu wa kumuuliza.

Mpaka gulio linafungwa, hakuna aliyemuuliza.